Kadi Mbili, Mtu Mmoja

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Pasi ameganda bafuni, kofia ya watu mkononi, na mlango wa chumba namba 614 umeshalia "tii" kwamba mwenye chumba anaingia.

Msomaji aliyetukuta njiani asihangaike, tutamshika mkono. Pasi ni mhudumu wa vyumba katika meli ya watalii, ile nyeupe ya ghorofa tisa inayowazungusha watu na likizo zao kutoka mji mmoja wa pwani ya kusini hadi mwingine, na katikati ikawashusha kwenye visiwa ambavyo hata duka la kiberiti havina. Jina hilo alibandikwa na wenzake, kwa kuwa shuka akilitandika yeye hulikuti na kunyanzi.

Kofia aliyoishika ni ya Bibi Kofia, mke wa mwenye chumba 614. Tangu meli ing'oe nanga hakuna aliyemwona bibi huyo nje bila kofia hiyo pana ya kitambaa cheupe. Jana alishuka nayo kisiwani, watu walimwona. Leo saa mbili asubuhi Pasi ameikuta imesukumwa nyuma ya ndoo ya takataka, imekunjwa mara nne, imejaa mchanga. Mwenyewe haonekani.

Na pale mlangoni, kwa nje, kilikuwa kinaning'inia kibao cha Usisumbue. Mhudumu anayekivuka kibao hicho hushushwa na begi lake mji unaofuata. Mji unaofuata ulikuwa saa mbili mbele yao.

Hatua zikaingia chumbani. Pasi akairudisha kofia ilipokuwa, akachukua brashi, akaanza kusugua sinki kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa jana. Kujificha kungekuwa kukiri kosa. Na katika miaka yake minne melini alikuwa amejifunza kwamba abiria hamwoni mtu anayesugua.

Huyu alimwona. Alisimama kwenye mlango wa bafu, mzee nadhifu ambaye wahudumu wote walimwita Bwana Tai, maana hata kifungua kinywa alikula na tai shingoni.

"Kibao hukukiona?"

"Nimekiona, bwana. Nilisikia maji yanatiririka, nikaogopa yasije yakaharibu zulia. Unisamehe."

Uongo ulimtoka laini mpaka mwenyewe akashangaa. Bwana Tai aliutazama mfereji uliokuwa mkavu kabisa, kisha akamtazama Pasi. Pasi akauliza, kwa adabu zote, bibi anaendeleaje. Bwana Tai akajibu kwamba kichefuchefu hakijamwacha, yuko kwa daktari wa meli tangu asubuhi na mapema.

Jana jioni alimjibu kwamba amelala. Pasi akaliweka hilo kichwani, karibu na kofia.

Ndipo Bwana Tai alipogeuka kumwonyesha njia ya kutokea, na macho yake yakaangukia kitanda.

Katikati ya kitanda alikuwa amekaa tembo.

Si tembo wa ajabu. Ni taulo mbili tu, moja imekuwa miguu, ya pili imekuwa kichwa, masikio na mkonga. Wahudumu wa meli hufundishwa kukunja wanyama wa taulo ili abiria wakirudi vyumbani wacheke. Leo bata, kesho sungura, keshokutwa tembo. Abiria hupiga picha, kisha hujikaushia.

Lakini Bwana Tai hakucheka. Alirudi hatua moja nyuma na mkono ukaenda kwenye tai. Rangi ilimtoka usoni mpaka midomo.

"Nani amemweka huyu hapa?"

"Si bibi, bwana? Kila asubuhi huniachia mmoja."

"Ndiyo," akasema. "Ni bibi. Bila shaka ni bibi."

Kisha, huku Pasi akikusanya brashi na dawa zake taratibu kuliko ilivyohitajika, Bwana Tai alifungua kabati akachungulia. Akafunua pazia. Akatoka kibarazani akatazama kushoto na kulia, akarudi, akainama hata chini ya kitanda.

Jamani, mtu ametoka kusema mkewe yuko kwa daktari, na sasa anamtafuta uvunguni. Pasi akaaga, akatoka.

Kwenye korido alisimama nyuma ya toroli lake la mashuka, akavuta pumzi, akamrudia yule tembo kichwani. Kuna kitu hakikukaa sawa, na hakikuwa ile hofu ya Bwana Tai peke yake.

Mchezo wa tembo aliuanzisha Bibi Kofia siku ya tatu ya safari. Alimkuta Pasi anakunja, akaomba afundishwe, akakaa naye kitandani nusu saa nzima kama mtoto wa shule. Tangu siku hiyo Pasi aliacha mnyama jioni, na Bibi Kofia akaacha tembo wake asubuhi ili mwalimu asahihishe. Tembo wa Bibi Kofia walikuwa hoi bin taabani, masikio yamelala, lakini wote walikuwa na alama moja. Bibi ni mtu wa mashoto. Mkonga ulikwenda kushoto, kila siku, bila kukosa.

Ilikuwa katika kukunja huko ndipo bibi alipomwambia neno ambalo Pasi hakulijali siku ile. "Mume wangu hajui nalalia upande gani," alisema, akicheka kidogo. "Wewe unajua."

Na kweli Pasi alijua. Upande wa dirishani. Leo asubuhi mto wa dirishani ulikuwa baridi na haukuwa na hata unywele mmoja.

Sasa tembo wa leo. Mkonga wake ulikwenda kulia. Masikio yalisimama. Na ncha ya mkonga haikuachwa ikining'inia kama wafanyavyo wahudumu wengine, ilikuwa imechomekwa ndani, chini ya kidevu, ili taulo lisifumuke.

Ncha kuchomekwa chini ya kidevu ni ufundi wa Pasi mwenyewe. Hakufundishwa na mtu, aliubuni. Na hapa duniani alikuwa amewafundisha watu wawili tu. Wa kwanza ni Bibi Kofia.

Wa pili ni mdogo wake wa kuzaliwa naye tumbo moja, ambaye wakati huo alikuwa ghorofa nne chini yake, kwenye chumba cha dobi, anapiga pasi mashuka ya abiria. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Pasi alizishuka zile ngazi akitamani kwamba safari hii wahenga wawe wamekosea.

Chumba cha dobi hakina dirisha. Mashine zinanguruma, mvuke umejaa, watu wanasemezana kwa ishara. Mdogo wake alipomwona alitabasamu, halafu akaona vile dada yake anavyomtazama, na tabasamu likafa. Pasi alimvuta mpaka nyuma ya makapu ya taulo chafu.

Hakumzungusha. Alimuuliza aliingia 614 saa ngapi.

Mdogo mtu kwanza alijitia hamnazo. Six-one-four ipi, dada, mimi kazi yangu huku chini, mimi vyumba vyenu sivijui. Pasi akanyamaza tu. Walipokuwa watoto, kunyamaza kwa dada kulimshinda yule binti kuliko fimbo ya mama. Kulimshinda na leo.

"Nilichukua ufunguo wako wa akiba kwenye toroli, ulipokwenda kunywa chai," akasema. "Nilitaka utulie tu, dada. Mpaka saa nne. Jana bwaloni ulisema bibi hujamwona tangu boti zirudi, una wasiwasi. Nikaona nikimkunja tembo mmoja, utajua yupo."

"Kwa hiyo unajua kwamba hayupo."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na habari nzima ikatoka nayo.

Mume wa mdogo mtu, yaani shemeji yake Pasi, ndiye mlinzi wa lango la meli. Kila abiria ana kadi. Akishuka, shemeji anaigusisha kwenye mashine, inalia, picha ya mwenye kadi inatokea, anatoka. Akirudi ni hivyo hivyo. Kadi zote zikisharudi meli inaondoka, na kama kuna iliyosalia, haiondoki mpaka mtu apatikane. Sheria ni kadi moja, uso mmoja.

Lakini sheria ni ya ofisini, na langoni kuna jua. Jana boti ndogo ziliwarudisha watu mia tatu kutoka kisiwani kwa mpigo, watoto wanalia, wazee wanataka kukaa. Walinzi wote wa malango wana desturi yao ya kupunguza foleni: baba akija na kadi za familia mkononi, unazigusisha zote kwa pamoja, familia inapita. Shemeji amefanya hivyo miaka na miaka, halijampata la kumpata.

Jana Bwana Tai alikuja na kadi mbili. Mke wangu yuko nyuma yangu, akasema, anatapika pembeni ya boti, mwache amalize. Shemeji akazigusisha mbili. Tii, tii. Akaendelea na foleni.

Foleni ikaisha. Boti zikapandishwa. Hakuona mwanamke yeyote wa kofia akipita.

"Alikuja kuniambia jioni," mdogo mtu alisema. "Akasema labda alipita yeye hakumwona. Labda. Akasema akitoa taarifa ni kazi yake, na yangu, na yako, kwa sababu ndiye aliyekuombea. Akasema leo saa nne bwana yule atashuka mjini, kadi zitalia mbili tena, na habari itakuwa imekwisha."

Imekwisha kwa nani? Pasi aliona jambo lote kwa mara moja. Kadi ya Bibi Kofia ikilia saa nne, vitabu vitasema alirudi kutoka kisiwani na akashuka mjini kwa miguu yake. Jioni Bwana Tai atakuja analia kwamba mkewe amempotelea sokoni. Polisi watamtafuta kwenye mji wenye watu milioni mbili. Kule kisiwani hatakwenda mtu.

Kisiwa kile Pasi alikuwa anakijua. Mchanga, vichaka na miamba. Maji ya kunywa huenda na boti asubuhi na mabaki hurudi na boti mchana. Meli nyingine ya kampuni ingefika pale baada ya siku tisa.

Alimwambia mdogo wake hivyo, neno kwa neno. Mdogo wake akaziba masikio. Akawataja wanawe wawili walioachwa kwa bibi yao, wale wanaomwita Pasi mama mkubwa na kumwagiza mabegi ya shule kila likizo. Akamkumbusha kwamba mashine ya milango nayo ina kumbukumbu, na ufunguo uliofungua 614 leo ni wa Pasi, mara mbili. Watatu wote wangemwaga unga siku moja.

"Mficha maradhi, mdogo wangu, unajua kinachomuumbua," Pasi akasema. "Saa nne kasorobo nitakuwa langoni na Mkuu wa usalama. Mumeo ana zaidi ya saa nzima ya kusema kwa mdomo wake. Mwambie."

Sasa msomaji asidhani Pasi alikuwa jasiri kiasi hicho. Alipofika ofisini kwa Mkuu wa usalama, mama mmoja mfupi wa maneno machache ambaye wafanyakazi walimwogopa kuliko nahodha, alitoa nusu tu ya habari. Alisema habari ya kofia. Alisema habari ya mto ulio baridi na ya daktari. Habari ya tembo, ya mdogo wake na ya kadi mbili aliimeza. Ya kadi alijiambia atamwachia shemeji aiseme yeye.

Mkuu alibonyeza kompyuta yake. Ikasema abiria wote walirudi, na kwa daktari hakuna mwanamke wa 614 aliyefika. Akaguna. "Mashine haidanganyi," akasema, lakini alichukua redio yake akanyanyuka.

Saa nne kasoro dakika tano meli ilikuwa imefungwa gatini. Chini kulikuwa na mabasi ya watalii, na juu ya ngazi foleni ya kofia, kamera na harufu ya mafuta ya jua. Shemeji alikuwa amesimama kwenye mashine yake, sare imenyooka, macho mekundu. Alimwona Pasi amesimama kando na Mkuu. Kawaida angemtupia utani, wao ni watu wa kutaniana mpaka watu wanadhani wamegombana. Leo alitazama chini.

Bwana Tai alikuja wa kumi na moja. Tai ya bluu, begi dogo, kadi mbili katikati ya vidole.

"Mke wangu yuko nyuma yangu," akasema. "Anafunga viatu."

Shemeji akazipokea. Akagusisha ya kwanza. Tii. Akaishika ya pili juu ya mashine na mkono wake ukabaki hewani. Foleni ikaanza kusukumana. Pasi alijikuta anaomba kimoyomoyo, wala hakujua anaomba nini hasa.

"Tumngoje," shemeji akasema.

"Nimekwambia yuko nyuma."

"Hata jana uliniambia yuko nyuma." Akamgeukia Mkuu. "Jana niligusisha kadi mbili, mtu mmoja. Bibi huyu mimi sikumwona kurudi. Kosa ni langu, Mkuu, lakini amebaki kisiwani."

Pasi alitaka kulia kwa fahari na kwa huruma vyote pamoja, maana alijua kwamba kwa maneno yale mtu amejivua sare mwenyewe.

Basi mngedhani Bwana Tai angetafuta pa kukimbilia. Wapi. Alikunja miwani yake taratibu, akaitia mfukoni, na akamtazama Pasi kwa upole wa kutisha.

"Mlinzi anakiri uzembe ili afiche nini, sijui," akasema. "Mke wangu alilala chumbani mwetu jana usiku. Leo asubuhi amekunja tembo wa taulo, kama kawaida yake. Mhudumu huyu alimwona tembo huyo kwa macho yake, na alisema mbele yangu kwamba ni kazi ya bibi. Muulizeni."

Yule tembo aliyemtoa rangi saa mbili asubuhi, sasa ndiye shahidi wake. Alikuwa ameshapata muda wa kufikiri, mzee yule.

Mkuu wa usalama aligeuka pole pole. "Pasi. Tembo alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia, Mkuu."

"Nani alimkunja?"

Mwisho wa korido, nyuma ya watu, Pasi alimwona mdogo wake amekuja, bado na aproni ya dobi, mikono kifuani. Alikuwa anatikisa kichwa. Usiseme, dada. Pasi aliwaona na wale watoto wawili na mabegi yao. Damu nzito, hilo halina ubishi. Lakini alimwona pia mwanamke mmoja ameketi mchangani bila kofia, anahesabu mawimbi.

"Mdogo wangu," akasema. "Wa tumbo moja na mimi. Aliingia kwa ufunguo wangu. Bibi hakulala kwenye kile kitanda."

Bwana Tai akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, simu ya ukutani pale langoni ikalia.

Ni simu ya ndani ya meli, ina kioo kidogo kinachoonyesha inakopigwa. Shemeji, kwa mazoea ya kazi, alinyoosha mkono kuipokea, akaona namba, mkono ukarudi wenyewe. Mkuu akasogea akasoma. Pasi naye akasoma.

614.

Kadi ya kwanza, ile ya Bwana Tai mwenyewe, ilimtoka shemeji mkononi ikaanguka sakafuni. Bwana Tai hakuiangalia. Alikuwa ameishika tai yake kwa mikono miwili kama mtu anayejivuta mwenyewe.

Mkuu alipokea, akasikiliza. Kisha akamnyooshea Pasi mkono wa simu. "Anakutaka wewe," akasema.

Pasi aliuweka sikioni. Kwanza alisikia pumzi tu. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, kavu, ya koo lililokaa muda mrefu bila maji.

"Pasi," ikasema, "huyu tembo nani kamkunja kulia?"